Pikapu Kuukuu na Maradhi Yake Mengi



Mwezi huu tumeona vema kuwaandikia habari za gari, maana katika nyumba nyingi za Rungwe siku hizi pikapu kuukuu ndiyo iletayo chumvi, sabuni na karo ya watoto. Ndizi za Kiwira, viazi vya Isongole, maziwa na maparachichi, vyote hupakiwa humo kwenda Uyole. Na wakati wa kurudi hupakiwa watu. Gari kama hilo likilala, nyumba nzima hulala pamoja nalo.

Jirani yangu mmoja analo la namna hiyo, Toyota Hilux ya injini ya dizeli iitwayo 3L, ya ujazo wa lita 2.8, lililoundwa katika miaka ya 1990. Saa yake ya kuhesabu mwendo imekwisha kupita kilomita 410,000. Mwaka jana, wakati wa mvua zetu ambazo huanza Novemba na kutuacha Mei, gari hilo lilishikwa na maradhi mengi kwa mara moja. Asubuhi halikuwaka mpaka lisukumwe na vijana wanne, na likiwaka lilitoa moshi mweupe kama wa kuni mbichi. Likipanda Isongole lilikosa nguvu, likatoa moshi mweusi, na maji yakachemka. Usiku taa zilififia. Tena, jambo lililo baya kuliko yote, wakati wa kuteremka na mzigo kanyagio la breki lilikuwa gumu kama jiwe, naye alilazimika kulikanyaga kwa miguu miwili, mkewe na watoto wakiwa wamekaa pembeni.

Basi, akafanya kama tufanyavyo wengi wetu: akanunua vitu. Alinunua betri mpya. Baada ya majuma mawili ikafa. Akanunua nozeli mbili, akabadili plagi za kupasha joto, akazibuliwa rejeta. Maradhi hayakutoka hata moja. Ndipo shauri likaja la kuuza ng'ombe mmoja wa maziwa ili anunue injini ya mtumba. Mkewe akamwambia, “Baba watoto, ng'ombe huyu namkamua asubuhi na jioni. Hiyo injini nitakamua nini?”

Kwa neno hilo wakaahirisha, na jirani akaniomba twende naye kwa mzee mmoja, fundi wa magari pale Tukuyu, ambaye amezeeka chini ya magari ya dizeli. Tulipokwisha kumwamkia, naye akaitikia, “Marahaba wanangu, ndaga,” jirani yangu akaanza kumhesabia: nozeli zimekufa, pampu imekufa, injini imechoka. Mzee akamkatiza kwa upole.

“Mwanangu, usiniambie kilichokufa. Niambie ulichokiona kwa macho yako; na ulikiona wakati gani, gari likiwa baridi au moto, mlimani au tambarare.”

Akachukua daftari la shule, akaandika kila jibu. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima, wala hakushika spana. Nakiri kwamba mimi nilichoka, nikadhani anatupotezea wakati.

Hapa inafaa nieleze kidogo namna injini ya dizeli ifanyavyo kazi, kwa faida ya wasiojua. Rudolf Diesel, mtu wa Ujerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliifanikisha injini yake mjini Augsburg mwaka 1897. Haina cheche ya umeme ya kuwashia mafuta kama injini ya petroli. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka iwe moto sana (katika hiyo 3L hushindiliwa kama mara 22), ndipo dizeli hupulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo inataka mambo machache tu: hewa safi, mshindilio wenye nguvu, na dizeli isiyochanganyika na hewa wala maji. Tena injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu kupitia mlango mwembamba, na mvuto ule ndio usaidiao breki. Lakini dizeli za namna hii hazina mvuto huo. Hivyo hupewa pampu ndogo ya kunyonya hewa, na katika gari hili pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta, yaani kile chombo cha kuchajia betri.

Sikieni basi alivyofanya mzee. Alifungua boneti, akaweka kidole gumba juu ya mkanda wa feni, akabonyeza. Mkanda uliozoea kubonyea kama sentimeta moja ulizama vidole viwili na zaidi, na pembeni uling'aa kama kioo. Boliti ya kuukazia ilikuwa imelegea. Kisha akapima umeme gari likiwa linawaka: volti 12 na kidogo, na ilipasa zifike karibu 14. Akatuuliza, “Mkanda huu unazungusha nini?”

Tukatazama. Unazungusha feni na pampu ya maji. Ukiteleza, maji huchemka. Unazungusha alteneta, ukiteleza, betri haipati chakula, taa hufifia, na asubuhi stata haina nguvu ya kuzungusha injini wala plagi hazipati joto. Na mgongoni mwa alteneta ndiko iliko ile pampu ya breki. Jirani yangu alikaa chini juu ya tairi, akanyamaza kwa muda. Maradhi matatu aliyoyatibu mbalimbali, na moja lililokuwa tayari kuwaua watoto wake, yote yalining'inia kwenye ukanda wa mpira.

Mikanda miwili mipya ilifungwa (huwa ni miwili, nayo hubadilishwa pamoja), na mzee akakataa kugusa kitu kingine siku ile. Alisema, ukibadili vitu vitatu kwa mara moja, gari likipona hujui kilichoponya, na likizidi hujui kilichozidisha. Lakini breki alizipima papo hapo, nayo ni njia ambayo kila mwenye gari aweza kuifuata: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nyingi mpaka kanyagio liwe gumu, ulishikilie hivyo, kisha uwashe. Likizama kidogo chini ya mguu, msaada wa breki upo. Likikaa vile vile, usiteremke mlima wowote.

Siku ya tatu tukarudi. Umeme ulikuwa mzuri na breki laini, lakini maji yalichemka tena karibu na Isongole. Hili liliwashangaza wengi. Sababu yake ni ya kwetu sisi wa milimani. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Tukuyu, katika kimo cha mita 1,500 hivi, huchemka kama digrii 95. Na kule Isongole, kupita mita 2,000, chini ya hapo. Kifuniko cha rejeta kilicho kizima hubana maji yasichemke hata digrii 110 zipite. Cha jirani yangu mpira wake ulikuwa umepasuka. Gari lile lingaliweza kufika Kyela bila neno, na kupanda Isongole likashindwa. Hata hivyo mzee alitazama kwanza, injini ikiwa baridi na kifuniko kimefunguliwa, kama mapovu yanapanda katika maji, maana hayo yangalikuwa dalili ya gasketi iliyopasuka. Hayakuwapo. (Rejeta ya moto isifunguliwe kamwe, nimeona uso wa kijana ulioungua.)

Uwakaji mgumu wa asubuhi ulipungua, lakini haukwisha. Mzee akamwagiza jirani yangu, kesho kabla ya kuwasha, apige ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu. Alipofanya hivyo gari likawaka mara moja. Basi ikajulikana kwamba usiku hewa huingia katika bomba na dizeli hurudi tangini. Tulitafuta tukaona mpira mmoja karibu na tangi umechanika kama unywele. Filta ilipofunguliwa chini ilitoa maji karibu nusu kikombe, na hapo mzee aliuliza habari za dizeli ya madumu inunuliwayo kando ya njia. Jirani yangu alitazama pembeni. EWURA ilianza kutia mafuta alama mwaka 2010 kwa sababu ya watu wachanganyao mafuta ya taa. Na pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo mafuta ya taa huila polepole.

Moshi mweusi ulikuwa ni filta ya hewa tu, imejaa vumbi na tope.

Vitu hivyo vyote pamoja havikufika bei ya ile betri. Mzee aliuliza pia mkanda wa ndani wa taimingi ulibadilishwa lini, na kwa kuwa hakuna aliyejua, alishauri ubadilishwe. Kazi yake ni kila kilomita 100,000, nao ukikatika gari likienda huvunja valvu. Hiyo ilingoja mavuno ya viazi, ikafanyika Juni.

Silinda moja ina mshindilio hafifu kwa uzee, na asubuhi za baridi za Julai moshi mweupe huonekana kwa dakika chache. Gia boksi huvuja oili. Chini yake wameweka kopo. Lile daftari limetundikwa kwa uzi ndani ya gari, na binti yao wa darasa la sita ndiye aandikaye.