Kabla ya Sindano ya Picha, Tuseme Kweli

Mwezi uliopita nilimsindikiza mzee mmoja wa msikiti wetu hospitalini, akapigwe picha ya CT ya tumbo. Mkaza mwanawe alikuwa pamoja nasi. Mhudumu akamwuliza: "Mzee, una kisukari? Una maradhi ya figo?" Akajibu, "Hapana, mwanangu." Nami nilijua kwamba humeza metformin asubuhi na jioni. Tulipobaki wawili akaninong'oneza: "Katibu, ningeyasemaje hayo mbele ya mkwe?"

Ndugu msomaji, maswali yale si udadisi. Mfupa huonekana wazi katika eksirei, lakini mishipa na matumbo hufanana mno. Ndipo hutumika dawa ya kontrasti, ambayo huzuia miale ili kiungo kibainike kwa weupe. Kwa umio na tumbo, mgonjwa hunyweshwa bariamu, kinywaji cheupe kama chokaa, kisichofyonzwa na mwili bali hutoka kwa choo. Kwa mishipa ya damu, hudungwa sindano yenye iodini. Sindano hiyo huleta joto la ghafla, hata mtu akadhani amejikojolea; lisimtishe, hupita upesi.

Figo nzima huitoa karibu yote ndani ya saa 24. Figo dhaifu huchelewa, na huenda zikadhoofika zaidi. Hapo metformin nayo huweza kurundikana na kuitia damu asidi ya hatari. Kwa hiyo daktari hupima kwanza kreatinini katika damu, naye ndiye aamuaye kama kidonge kisimamishwe, mgonjwa asijiamulie.

Aelezwe pia kuhusu ujauzito, pumu, na madhara yaliyowahi kutokea baada ya sindano kama hiyo. Mama anyonyeshaye asihofu: kinachoingia katika maziwa ni kidogo sana, na kwa kawaida huendelea kunyonyesha.

Tulimwomba mkaza mwana atusubiri nje, nikamwita mhudumu, na mzee akasema yote. Damu ilipopimwa, figo zilionekana dhaifu. Daktari akaiacha sindano, akamwandikia kipimo cha ultrasound.

Haya ni pambo la Muislamu, na mwili ni amana. Tunaosindikiza wagonjwa tusiwalazimishe kuchagua kati ya viwili hivyo. Maswali yanapoanza, tuinuke, tutoke nje, tuwaache waseme.