Grisi Iliyoiokoa Meli

Mpenzi msomaji, wewe unayekaa Kiboriloni, huenda hujapata kuliona Ziwa Tanganyika. Basi leo tuiache kahawa kidogo, nikusimulie habari za meli moja ya Kigoma, maana limo fundisho kwa kila mwenye mashine nyumbani.

Meli hiyo ni Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, na jina lake la kwanza lilikuwa Goetzen. Je, meli yenye urefu wa mita 70 na zaidi ilifikaje katika ziwa lililo mbali na bahari? Waliifungua yote vipande vipande, wakaitia katika masanduku yapata 5,000. Yakaja Dar es Salaam kwa bahari, kisha yakapakiwa katika gari moshi kwenda Kigoma. Huko ikaunganishwa, ikashushwa majini Februari 1915.

Mwaka 1916 Wajerumani walishindwa, ikawabidi kuuacha mji wa Kigoma. Amri ikatoka meli izamishwe, isije ikatekwa na adui. Mafundi wangaliweza kuzivunja injini kwa nyundo. Hawakufanya hivyo. Walizipaka grisi nene injini zile za mvuke, ndipo wakaizamisha meli karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani.

Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na walipoondoa tope na grisi, lo! injini zilikuwa bado zafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Injini zile zile zikaisukuma hata miaka ya 1970, ndipo ikatiwa injini za dizeli.

Sasa fikiri, ni watu wangapi waliofaidiwa na grisi ile? Vijiji vingi vya ufukoni havikuwa na gati. Meli ilikuwa ikisimama mbali, mitumbwi ikaifuata, na akina mama walikuwa wakipanda ubavuni pamoja na watoto na mizigo yao. Mwaka 1997 Liemba iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000.

Walakini hata chombo imara huchoka. Liemba imepata kusimama mara kadhaa ikingoja matengenezo, na meli ikisimama, wanaoumia ni wale wasio na njia nyingine.

Basi, msomaji, inuka ukaitazame mashine yako ya kumenyea kahawa. Je, msimu ulipokwisha uliiacha nje, maganda yamekauka ndani, mvua ikiinyeshea? Ioshe, ikaushe, ipake grisi, uifunike vema. Kopo la grisi si ghali kama mashine mpya. Wale mafundi hawakujua ni nani atakayeziwasha injini zile baada yao, lakini walizitunza. Nawe pia, pengine mjukuu wako ndiye atakayeizungusha mashine hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.