Mzazi Kama Mhakiki: Namna ya Kuupima Mchezo wa Video

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, walinena wahenga. Malezi ya leo, hata hivyo, yana mshiriki ambaye wahenga hao hawakumjua, yaani mchezo wa video. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mzazi anaweza kuupima mchezo wa aina hii kwa vigezo vile vile tunavyovitumia kuhakiki hadithi. Mfano utakaorejelewa ni Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa na kampuni ya Rockstar Games mwaka wa 2004.

Hatua ya kwanza ni kusoma kasha. Nchini Marekani, bodi ya ESRB, iliyoundwa mwaka wa 1994, hutumia herufi: T ni kwa vijana kuanzia miaka 13, M ni kuanzia miaka 17, na AO ni kwa watu wazima pekee. Mfumo wa PEGI wa Ulaya, ulioanza mwaka wa 2003, hutumia tarakimu 3, 7, 12, 16 na 18. Pamoja na umri, hutajwa sababu: umwagaji damu, matusi, ngono au dawa za kulevya. Diski iliyonakiliwa na kuuzwa bila kasha huwa haina alama hizo. Hapo mzazi hana budi kulitafuta jina la mchezo katika tovuti za mashirika hayo.

Hata hivyo, alama pekee haitoshi. San Andreas ulipewa M. Mnamo Julai 2005, baada ya kugunduliwa kwamba programu yake ilificha maonyesho ya ngono yaliyoweza kufunguliwa kwa kuirekebisha, ESRB iliubadilishia alama hiyo kuwa AO. Ni wazi kwamba alama hutegemea kile ambacho wapimaji wamekiona.

Hatua ya pili ni uhakiki wenyewe. Msomaji wa riwaya humtazama mhusika akitenda uovu, ilhali mchezaji huutenda kwa kidole chake mwenyewe. Hadhira imegeuka mhusika. Kwa hivyo, mzazi ajiulize maswali matatu. Mosi, mhusika mkuu ni nani, na anatafuta nini? Carl Johnson anarejea Los Santos baada ya mamake kuuawa. Hiki ni kisa chenye msiba na uaminifu kwa jamaa, wala si haki kudai kwamba hakina maudhui. Pili, ni tendo gani linalotuzwa? Mchezaji anaweza kumpiga mpita njia na kuziokota pesa zake. Tatu, uovu una matokeo gani? Akikamatwa na polisi, hupoteza silaha na fedha kidogo, kisha huwa huru papo hapo. Mtu mzima huitambua kejeli iliyomo. Mtoto wa miaka tisa, ambaye bado anajifunza maana ya adhabu, huenda akaiona kuwa kanuni.

Hatua ya tatu ni mazungumzo. Mzazi aketi kando ya mtoto kwa nusu saa, kisha amwombe amsimulie kisa. Mtoto akisimulia idadi ya waliouawa pasipo kueleza sababu wala majuto, umri wake bado haujaufikia mchezo huo.

Wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu hapa. Maelezo ya makasha mengi yanayouzwa nchini yameandikwa kwa Kiingereza, na wazazi wengi hawayaelewi. Tukiwafafanulia kwa Kiswahili katika mikutano ya wazazi shuleni, taaluma yetu ya uhakiki itakuwa imetoka darasani na kuingia sebuleni, mahali ambapo watoto hulelewa.