Jinsi ya kujaribu kufuli za mitambo kabla ya mwizi kubisha hodi

KAMPUNI nyingi zinazotoa huduma kupitia intaneti, zikiwemo benki na hospitali, huendesha programu zao ndani ya kontena. Mfanyakazi mmoja akipewa ruhusa asiyostahili kuwa nayo, rekodi za maelfu ya wateja zaweza kufichuka kwa dakika chache.

Ndiyo maana wahandisi wenye tahadhari huunda klasta ndogo ndani ya tarakilishi zao wenyewe, wakapima kanuni za ruhusa humo kabla ya kuzipeleka kwenye mitambo inayohudumia umma.

Kontena linalozungumziwa hapa si lile sanduku la chuma linaloshushwa bandarini Kilindini, ingawa wazo limeazimwa huko. Ni kifurushi kinachobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji ili ifanye kazi.

Kontena zikiwa nyingi huhitaji msimamizi. Anayetumiwa sana ni Kubernetes, programu iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka wa 2014. Jina hilo ni la Kigiriki na maana yake ni nahodha. Mashine zinazosimamiwa kwa pamoja na nahodha huyo ndizo huitwa klasta.

Hatari ya kuacha mlango wazi ilidhihirika Februari 2018, wakati kampuni ya usalama ya RedLock ilipofichua kwamba ukurasa wa usimamizi wa Kubernetes wa kampuni ya magari ya Tesla, nchini Marekani, haukuwa na nywila. Wavamizi walikuwa wameingia na kutumia mitambo hiyo kuchimba sarafu za kidijitali. Isitoshe, ndani ya klasta mlikuwa na funguo za kufikia hifadhi nyingine ya data ya kampuni hiyo.

Majukumu na vyumba

Utaratibu wa ruhusa katika Kubernetes, uliokamilishwa katika toleo la 1.8 mwaka wa 2017, hufuata majukumu. Kwanza huandikwa jukumu linalotaja vitendo vinavyoruhusiwa, kama vile kusoma, kuorodhesha, kuunda au kufuta, na vitu vinavyohusika. Kisha huandikwa hati ya pili inayomkabidhi mtu, kikundi au programu jukumu hilo.

Jukumu laweza kuhusu chumba kimoja tu cha klasta au klasta nzima. Utaratibu huu hauna kanuni ya kukataza. Lisiloruhusiwa popote limekatazwa, na ruhusa zote alizopewa mtu hujumlishwa. Hivyo basi, hati moja iliyosahauliwa yaweza kubatilisha uangalifu wote wa hati nyingine.

Kuunda klasta ya majaribio si kazi ya gharama. Programu ya minikube, mathalani, huhitaji angalau kumbukumbu ya gigabaiti 2 zilizo huru na nafasi ya diski ya gigabaiti 20. Programu ya kind nayo hugeuza kontena za Docker ziwe kana kwamba ni mashine kamili, na kwa amri moja klasta husimama. Majaribio yakiisha, amri nyingine huifuta yote.

Inafaa toleo la Kubernetes litakalochaguliwa liwe lile lile linalotumiwa kazini. La sivyo, huenda kanuni iliyofaulu nyumbani ikashindwa huko.

Hatua inayofuata ni kuunda vyumba, akaunti na majukumu kama yatakavyokuwa kazini, lakini kwa data bandia. Baada ya hapo mhandisi huiuliza klasta kwa amri ya kubectl auth can-i: je, karani huyu aweza kufuta kontena katika chumba cha malipo? Jibu huwa ndiyo au la.

Mitego

Hata hivyo, kuna mitego. Wa kwanza ni kwamba anayeunda klasta ya nyumbani hupewa mamlaka yote. Akiuliza kwa jina lake mwenyewe, kila jibu litakuwa ndiyo. Sharti aulize kwa niaba ya akaunti anayoipima.

Mtego wa pili ni wa hila zaidi. Klasta haichunguzi iwapo jina lililotajwa lipo kweli. Herufi moja ikikosewa, jibu litakuwa la, na mhandisi atadhani kufuli inafanya kazi ilhali amempima mtu asiyekuwepo. Dawa yake ni kupima kila akaunti pande zote mbili: jambo ambalo lazima iruhusiwe, na jambo ambalo lazima inyimwe.

Tatu, zipo ruhusa zinazoonekana ndogo ilhali ni kubwa. Anayeruhusiwa kuorodhesha siri za chumba, kama vile nywila za hifadhidata, huona pia yaliyomo ndani yake. Vilevile, anayeweza kuanzisha kontena katika chumba aweza kuiagiza kontena hiyo imsomee siri za chumba hicho, hata kama yeye mwenyewe amenyimwa ruhusa ya kuzisoma.

Aidha, jibu la ndiyo halimaanishi kwamba ombi litapita. Kanuni za ukaguzi, zikiwemo zile zinazosimamiwa na programu ya Gatekeeper, huweza kulizuia ombi hilo mlangoni. Kwa hivyo ni muhimu kutuma maombi halisi, yakiwemo yale yanayotarajiwa kukataliwa.

Klasta ya nyumbani pia ina mipaka. Haina mfumo wa utambulisho wa wafanyakazi unaotumiwa kazini, hivyo sehemu hiyo hubaki kupimwa kwingine.

Nchini Kenya, suala hili si la wahandisi pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huwataka wanaoshughulikia data za watu kuweka hatua za kuzilinda tangu mifumo inapobuniwa. Kampuni inayokiuka sheria hiyo yaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Saa chache za majaribio kwenye tarakilishi moja ni bei nafuu mno ikilinganishwa na siku ambayo mgonjwa atasikia maradhi yake yakitajwa sokoni.