Sigara ya kielektroniki ya mfukoni

Sigara ya kielektroniki ya mfukoni (mitaani huitwa pia vepu) ni kifaa kidogo kinachotumia umeme wa betri kupasha moto kimiminika, ambacho kwa kawaida kina nikotini, hadi kigeuke mvuke ambao mtumiaji huuvuta kwa mdomo. Kisayansi "mvuke" huo ni matone madogo sana ya kimiminika yanayoelea hewani. Kwa kuwa hakuna tumbaku inayoungua, kifaa hakitoi majivu, wala lami na hewa ya kaboni monoksidi zinazopatikana katika moshi wa sigara ya kawaida. Hata hivyo nikotini inabaki, na pamoja nayo uraibu.

Kifaa hiki kilibuniwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye tayari anavuta sigara. Kwa asiyevuta hakina faida yoyote ya kiafya. Matangazo ya biashara husifu udogo, rangi na ladha, lakini yanayoamua usalama wa mtumiaji ni mengine: kiasi cha nikotini, ubora wa betri, asili ya kimiminika na sheria za mahali alipo.

## Historia

Mwaka 1963 Mmarekani Herbert A. Gilbert aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, akaipata mwaka 1965, lakini kifaa chake hakikufika sokoni. Kifaa cha kisasa kilitengenezwa mwaka 2003 na Hon Lik, mfamasia wa China, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji na baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu. Kiliuzwa China kuanzia mwaka 2004, na miaka michache baadaye kikaingia Ulaya na Marekani.

Vifaa vya mwanzo vilifanana na sigara. Baadaye vilikuja vikubwa vyenye betri nzito na moshi mwingi. Mwaka 2015 kampuni moja ya Marekani ilianza kuuza JUUL, kifaa chenye umbo la diski mweko ya kompyuta. Kilitumia chumvi za nikotini, ambazo hazikwaruzi koo hata zikiwa kali. Tangu hapo vifaa vidogo vya mfukoni vimeenea duniani, na pamoja navyo tatizo la matumizi miongoni mwa wanafunzi, kwa sababu ni rahisi kuvificha na harufu yake hutoweka haraka.

## Muundo na utendaji

Kifaa cha mfukoni huwa na sehemu kuu nne:

* Betri ya lithiamu, mara nyingi ya miliampia-saa (mAh) 400 hadi 1,000.
* Koili, yaani waya mwembamba uliosokotwa au wavu wa chuma unaopata moto umeme unapopita.
* Utambi wa pamba unaonyonya kimiminika na kukifikisha kwenye koili, kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa.
* Kikopo cha kimiminika chenye sehemu ya kuvutia mdomoni.

Vifaa vingi vina kihisi kinachowasha koili mtumiaji anapovuta. Vingine vina kitufe.

Kimiminika chenyewe hutengenezwa kwa propilini glaikoli na gliserini ya mimea, pamoja na viungo vya ladha na nikotini.

Nguvu ya kifaa hupatikana kwa hesabu ya fizikia ya sekondari: volti kipeo cha pili, gawanya kwa ukinzani wa koili. Betri ya volti 3.7 ikiwa na koili ya omu 1.2 hutoa takriban wati 11.4 (3.7 × 3.7 ÷ 1.2). Koili ikiwa ya omu 0.6, nguvu huwa mara mbili, yaani takriban wati 22.8. Kwa hiyo namba ndogo ya omu maana yake ni joto zaidi, mvuke mwingi zaidi, kimiminika kuisha upesi na betri kuisha upesi.

Hesabu hiyohiyo husaidia kupima madai ya matangazo. Betri ya mAh 500 kwa volti 3.7 hubeba nishati ya wati-saa 1.85, sawa na jouli 6,660. Ikitumiwa kwa wati 11.4 itadumu takriban sekunde 584. Kwa mvuto wa sekunde tatu, hiyo ni mivuto isiyozidi 195 kwa chaji moja. Kifaa kinachodai kutoa maelfu ya mivuto ni lazima kiwe cha kuchajiwa mara nyingi, kiwe na betri kubwa zaidi, au kihesabu mivuto mifupi mno.

## Aina

Cha kutupa huja kikiwa kimejazwa na hutupwa kikiisha. Bei yake ya mwanzo ni ndogo, lakini mtumiaji wa kila siku hununua tena na tena, na kila kimoja huacha betri jalalani.

Cha kikopo kilichojazwa kiwandani hubaki na betri yake. Mtumiaji hubadilisha kikopo tu. Ni rahisi kutumia, ila vikopo vya aina moja mara nyingi haviingii kwenye kifaa cha aina nyingine. Mnunuzi anapaswa kujua kama vikopo hivyo vitapatikana tena mahali anapoishi.

Cha kikopo cha kujaza humruhusu mtumiaji kununua chupa ya kimiminika na kupunguza nikotini hatua kwa hatua. Kinahitaji uangalifu zaidi, hasa nyumbani kwenye watoto.

## Mambo ya kuzingatia katika kuchagua

### Kiasi cha nikotini

Nguvu ya nikotini huandikwa kwa miligramu katika kila mililita (mg/ml) au kwa asilimia. Asilimia 2 ni takriban mg/ml 20, na asilimia 5 ni takriban mg/ml 50. Kikopo cha mililita 2 chenye asilimia 2 kina miligramu 40 za nikotini. Chenye asilimia 5 kina miligramu 100. Kifaa cha kutupa chenye mililita 10 za asilimia 5 kina miligramu 500.

Kwa kulinganisha, mwili wa mvutaji hupokea takriban miligramu 1 hadi 2 kutoka katika sigara moja. Si nikotini yote iliyomo kwenye kikopo inayofika mwilini, lakini hesabu inaonyesha kwamba kifaa kidogo kuliko kiganja kinaweza kubeba nikotini nyingi kuliko pakiti kadhaa za sigara zinavyoufikishia mwili. Tena sigara huisha na kuzimika, hivyo mvutaji hujua amevuta ngapi. Kifaa hiki hakina mwisho unaoonekana.

Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza zimeweka kikomo cha mg/ml 20, kikopo kisichozidi mililita 2 na chupa ya kujazia isiyozidi mililita 10. Vipimo hivyo ni kigezo kizuri hata kwa mnunuzi wa nchi isiyo na kikomo chake. Bidhaa isiyotaja kabisa kiasi cha nikotini haifai kununuliwa.

### Betri

Betri ya lithiamu ikipondwa, ikilowa au ikichajiwa kwa chaja yenye nguvu isiyolingana nayo inaweza kushika moto au kulipuka. Kifaa kinapaswa kuwa na kinga ya kuzima chaji ikijaa na kuzima koili ikipita muda. Kisichajiwe usiku kucha bila mtu kukiangalia, wala kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Katika ndege hubebwa kwenye mzigo wa mkononi tu. Tangu mwaka 2015 ni marufuku kukiweka katika mizigo inayokabidhiwa.

### Mwinuko wa mahali

Singida Mjini iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Kikopo kilichojazwa pwani kikisafirishwa kwa basi hadi nyanda za juu, hewa iliyomo ndani hutanuka na kusukuma kimiminika nje. Ndiyo sababu vifaa vingine huvuja baada ya safari bila kuwa vibovu. Kimiminika kilichovuja kioshwe kwa maji na sabuni, kwa kuwa nikotini hupenya kwenye ngozi.

### Chanzo cha kimiminika

Katika miaka ya 2019 na 2020 Marekani ilikumbwa na ugonjwa wa ghafla wa mapafu kwa watumiaji wa vifaa hivi. Kufikia tarehe 18 Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufariki; waliofariki walikuwa 68. Wengi walikuwa wametumia vimiminika vya bangi vilivyopatikana kwa njia zisizo rasmi, na lawama kubwa iliangukia asetati ya vitamini E iliyochanganywa humo. Kwa hiyo chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi ni hatari, hata ikiwa na ladha nzuri.

## Athari kwa afya

Nikotini huleta uraibu, huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Ni hatari kwa mjamzito na mtoto aliye tumboni, na huathiri ubongo wa kijana ambao bado unakua. Mvuke unaweza kuwa na kemikali kama folmaldehaidi na chembe za metali kama nikeli na risasi. Madhara ya kutumia kwa miongo mingi hayajajulikana, kwa sababu kifaa chenyewe bado ni kipya.

Kimiminika kikimezwa na mtoto mdogo kinaweza kumuua hata kikiwa kidogo. Dalili za mwanzo ni kutapika, mate mengi na kizunguzungu. Mtoto apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

## Matumizi katika kuacha sigara

Jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 lilihusisha watu 886 waliotaka kuacha sigara. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18.0 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameacha sigara, ikilinganishwa na asilimia 9.9 ya waliopewa dawa za nikotini kama bandiko na ubani. Lakini kati ya waliofaulu kwa sigara za kielektroniki, asilimia 80 walikuwa bado wanazitumia, wakati kwa kundi la pili ni asilimia 9 tu waliokuwa bado wanatumia dawa.

Matokeo hayo yana pande mbili: kifaa kilisaidia wengi kuacha moshi, na wengi wao hawakukiacha chenyewe. Washiriki wote walipewa pia ushauri wa ana kwa ana, jambo ambalo mnunuzi wa dukani halipati. Mtu anayevuta sigara asubuhi na kifaa mchana ameongeza njia ya kupata nikotini badala ya kuipunguza. Faida hutegemea kuacha sigara kabisa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) halipendekezi vifaa hivi vinavyouzwa kibiashara kama njia ya kuacha tumbaku, na mwezi Desemba 2023 lilizitaka serikali zichukue hatua za haraka kuwalinda watoto.

## Sheria

Tanzania ina Sheria ya Bidhaa za Tumbaku (Udhibiti) ya mwaka 2003, inayokataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18. Ilitungwa mwaka uleule Hon Lik alipotengeneza kifaa chake, kwa hiyo iliandikwa kwa kufikiria sigara, kiko na ugoro. Mwaka 2007 nchi iliridhia Mkataba wa WHO wa Udhibiti wa Tumbaku. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku shisha, na tangu mwaka 2021 udhibiti wa bidhaa za tumbaku uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya watu wazima nchini walitumia tumbaku.

Nchi nyingine zimetofautiana. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, imekataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za kielektroniki, na umri wa kuuziwa tumbaku ni miaka 21. Ethiopia ilizipiga marufuku mwaka 2019. Nchini Kenya huuzwa madukani. Katika nchi za Ghuba, Oman imekataza uuzaji wake, wakati Falme za Kiarabu ziliuruhusu mwaka 2019. Msafiri anapaswa kuuliza sheria ya aendako kabla ya kufunga begi.

## Taka

Kifaa kilichokwisha bado kina betri, plastiki na mabaki ya nikotini. Mahali ambapo taka za nyumbani huchomwa shimoni, betri inaweza kulipuka usoni mwa anayechoma na moshi wake ni sumu. Kisiachwe mahali watoto wanapookota vitu vya kuchezea. Kwa sababu ya taka, Uingereza ilikataza uuzaji wa vifaa vya kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025.

## Tazama pia

* Sigara
* Nikotini
* Tumbaku
* Shisha
* Uraibu