Ukumbi wa Video na Redio kama Darasa la Kiswahili: Tajiriba ya Mgeni Kakuma

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia, hata hivyo, mgeni akikaa miaka 20 atajiburudisha kwa lugha gani. Makala hii inanuia kuonyesha kuwa burudani ya kila siku ndiyo shule kubwa ya Kiswahili kwa wageni wa Kakuma, na kwamba sisi wanafunzi wa lugha hii tumeipuuza shule hiyo.

Kambi ya Kakuma, iliyoko takriban kilomita 120 kutoka mjini Lodwar, ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita nchini Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa katika miaka ya 2010, eneo hilo lina zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Mkimbizi hatoki eneo hilo bila kibali. Kwa hiyo ulimwengu humfikia kupitia skrini na redio.

Ukumbi wa Video

Kuanzia mwaka 2001, shirika la FilmAid liliendesha maonyesho ya filamu uwanjani baada ya jua kutua, skrini ikiwa imewekwa kwenye lori. Kando ya maonyesho hayo ya bure, zipo kumbi za video za mabati ambamo mtazamaji hulipa kiingilio kidogo ili aone mechi za Ligi Kuu ya Uingereza au filamu za mapigano. Filamu hizo ni za Kichina, Kihindi au Kimarekani, lakini sauti inayosikika mara nyingi ni ya DJ Afro, Mkenya anayezisimulia kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng.

DJ Afro hatafsiri neno kwa neno. Husimulia, hutania, na huwasemea wahusika. Nchini Tanzania, Lufufu alivuma kwa kazi kama hiyo. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, huyu ni fanani mbele ya hadhira yake. Ngoma ni ile ile, ukumbi ndio uliobadilika. Katika ukumbi mmoja nilimoketi, kijana Msomali alicheka kabla ya wenzake Wanuer, na mvulana Mkongo akawafafanulia utani ule. Hapakuwa na mwalimu wala kamusi.

Mtaalamu Stephen Krashen anatofautisha upataji lugha, unaotokea bila kukusudia mtu anapoelewa anachokisikia, na ujifunzaji wa kanuni darasani. Ukumbi wa video ni mfano bayana wa upataji.

Redio

Redio nayo ina nafasi yake. Lodwar kuna Radio Akicha ya Jimbo Katoliki la Lodwar. Kakuma kuna Ata Nayeche, yenye jina la Nayece, mama ambaye masimulizi ya Waturkana humtaja kuwa chimbuko lao. Katika stesheni za aina hii, Kiswahili huwaunganisha wenyeji na wageni ambao hawajui Kiturkana. Aidha, kupitia simu za mkononi, Wakongo husikiliza Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002 na ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake.

Mgeni katika Lugha Yake

Hapa ndipo penye utata. Mkongo wa Kivu hufika Kakuma akiwa tayari ni mzungumzaji wa Kiswahili. Hata hivyo, husema *batoto* badala ya watoto, *bintu* badala ya vitu, *mayi* badala ya maji na *makumi mbili* badala ya ishirini. Yule mvulana wa ukumbini aliniambia kuwa alipotamka *mayi* darasani, wenzake walimcheka na mwalimu akamsahihisha bila maelezo. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena katika somo la Kiswahili. Jioni ni mkalimani wa wenzake. Asubuhi ni bubu. Amefanywa mgeni katika lugha aliyozaliwa nayo.

Sisemi kuwa Kiswahili sanifu kiachwe. Mtihani hautungwi kwa Sheng, wala barua ya kuomba kazi haiandikwi kwa lugha ya DJ Afro. Ninachosema ni kwamba usanifu hujengwa juu ya kile ambacho mwanafunzi anacho. Mwalimu anaweza kumwomba asimulie filamu aliyoiona jana, kisha darasa zima lilinganishe *mayi* na maji kama lahaja mbili za lugha moja. Kwa njia hiyo mwanafunzi atafika kwenye usanifu bila kuaibishwa.

Hitimisho

Tumezoea kwenda Lamu, Mombasa na Unguja kutafuta data ya lahaja. Ni safari njema. Lakini Kakuma Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura na cha Nairobi hukutana kila jioni mbele ya skrini moja. Ni wajibu wa vyama vyetu kutuma watafiti huko na kuwashirikisha walimu wa Turkana matokeo yake, ili mvulana yule ainue mkono tena.