Bomba la Moshi la Pikipiki ya Vita: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kati ya mwaka 1939 na 1945, Jeshi la Anga la Uingereza halikutegemea ndege pekee. Matarishi wake walipeleka barua na amri kwa pikipiki, na askari walizitumia kwenda huku na huko katika viwanja vya ndege vilivyotapakaa mashambani. Mojawapo ya pikipiki hizo ni Norton 16H, yenye silinda moja na injini ya ujazo wa sentimita 490. Nyingine iliyotumiwa sana na majeshi ya Uingereza ni BSA M20, ya sentimita 496, ambayo zaidi ya 100,000 zilitengenezwa. Vita vilipokwisha, nyingi ziliuzwa kwa raia. Zilizosalia leo hutafutwa na wakusanyaji kwa bei kubwa, na penye bei kubwa hapakosi udanganyifu. Sehemu mojawapo inayomdanganya mnunuzi kwa wepesi ni bomba la moshi.

Kung'aa si ushahidi

Wauzaji wengi husifu bomba linalometameta kwa kromu na kuliita la asili. Kwa pikipiki ya vita, sifa hiyo inapaswa kumtia mnunuzi shaka. Wakati huo kromu na nikeli zilihitajika kutengeneza vyuma vya silaha na mitambo, na pikipiki za jeshi zilipakwa rangi tu, mabomba yake yakiwemo. Kwa hiyo bomba la kromu huenda liliwekwa baada ya vita, au bomba la zamani lilipelekwa kuchovywa upya. Hilo si kosa, ila bei isitozwe kana kwamba ni la wakati wa vita.

Vilevile, rangi ya buluu-kijivu haithibitishi kwamba pikipiki ilikuwa ya jeshi la anga, wala kwamba rubani fulani aliiendesha. Rangi hununuliwa dukani. Ushahidi ni namba za fremu na injini zinazolingana na kumbukumbu za utengenezaji, pamoja na nyaraka za umiliki.

Kutu huanzia ndani

Petroli inapoungua hutoa pia mvuke wa maji. Pikipiki ikiendeshwa safari fupi, bomba halipati joto la kutosha kuukausha. Maji hubaki ndani, huchanganyika na masizi, na kuanza kula chuma. Ndiyo maana bomba linaweza kuonekana zima kwa nje ilhali ndani limekwisha.

Lipige taratibu kwa kipande cha mti likiwa limepoa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyofifia. Kagua hasa upande wa chini, maungio, na sehemu iliyoinama, ambako maji hutuama. Ukiona rangi nene mahali pamoja tu, uliza imefunika nini.

Kutengeneza au kubadilisha

Tundu dogo laweza kukatiwa kiraka na kuchomelewa, mradi chuma kinachozunguka kingali kizito. Kikiwa chembamba, moto wa kuchomelea hukitoboa zaidi. Kuchovya kromu nako kunadai kusugua na kung'arisha kwanza, na kila msuguo hupunguza chuma. Bomba lililochakaa laweza kuharibika kabisa mikononi mwa fundi mwaminifu. Mwambie akupe tathmini yake kabla hajaanza kusugua.

Bomba jipya la kuiga ni chaguo halali, lakini liitwe kwa jina lake. Hakikisha kipenyo na mikunjo yake vinalingana na ya aina yako ya pikipiki, na kwamba salensa ina vizuizi vya sauti ndani. Rahisi huvunja upishi: salensa tupu ni nafuu kununua, lakini hupiga kelele za kukera.

Bomba jipya la kromu likigeuka buluu karibu na injini, usikimbilie kumlaumu fundi. Huenda cheche ya plagi inachelewa, au mchanganyiko wa petroli una hewa nyingi mno. Pikipiki hizi zina wenzo wa mkono wa kuwahisha au kuchelewesha cheche. Ukiachwa pabaya, bomba hupata joto la kupita kiasi.

Tahadhari za afya

• Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua.
• Usikwangue masizi au rangi ya zamani vikiwa vikavu. Vinaweza kuwa na madini ya risasi. Vilowanishe, na uvae barakoa ya kuzuia vumbi.
• Nyuzi za kuzuia joto na gasketi za zamani zinaweza kuwa na asibesto. Mwachie mtaalamu aziondoe.

Kabla ya kutoa fedha

1. Stakabadhi ieleze kama bomba ni la asili, limetengenezwa upya, au ni la kuiga.
2. Piga picha za bomba pande zote kabla ya kulikabidhi kwa fundi.
3. Andikianeni kazi itakayofanywa, gharama, na nani atabeba hasara likitoboka.
4. Dai urudishiwe kila kipande kilichoondolewa.
5. Ukinunua kutoka Uingereza, uliza kama muuzaji ni mfanyabiashara. Sheria ya Haki za Walaji ya nchi hiyo ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na inayolingana na maelezo. Kwa mtu binafsi anayeuza mali yake, ulinzi wa mnunuzi ni mdogo zaidi.

Sharti la nne ndilo husahauliwa zaidi. Fedha iliyolipwa isivyo haki yaweza kudaiwa, na penye maandishi madai hupata nguvu. Lakini bomba la mwaka 1941 lililotupwa kwenye vyuma chakavu halirudi, na hakuna malalamiko yatakayolirudisha. Hata likiwa limeoza, lihifadhi: ndilo kielelezo cha fundi atakayetengeneza jingine.